Usiniulize Kwetu Wapi, Niulize Nani Ananilipa

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya waandishi, walimu na wanafunzi wa mawasiliano. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, walimu wangu, ndugu zangu mliotoka Tanga, Kampala na Bujumbura, na nyinyi vijana mliosimama mpaka mlangoni: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimepewa swali moja nilijibu. Je, mtu anayezungumza mtandaoni alazimishwe kutaja nchi yake? Sikilizeni vizuri neno hilo: alazimishwe. Anayependa kuitaja nchi yake na aitaje, na Mungu ambariki. Swali ni la yule asiyetaka. Tumwambie, taja kwenu kwanza ndipo usikilizwe?

Jibu langu ni hapana, na nalisema mapema ili msikae mkinisubiri. Lakini wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Nitaanza na hoja yao, kwa sababu asiyeweza kuieleza hoja ya mwenzake vizuri hana haki ya kuipinga.

Mnakumbuka Novemba 2025? Mtandao wa X, ambao wengi wenu bado mnauita Twitter, uliweka ukurasa mdogo ndani ya kila akaunti. Unabonyeza pale palipoandikwa tarehe ambayo mtu alijiunga, na unaona akaunti hiyo iko nchi gani, imebadilisha jina mara ngapi, na imeunganishwa kupitia duka la programu la nchi gani. Watu walichungulia usiku kucha. Akaunti zilizojinadi kwa miaka kuwa sauti za wazalendo wa Marekani, zenye bendera na picha ya tai, zikaonekana zinaendeshwa kutoka Nigeria, Bangladesh na Ulaya ya Mashariki. Watu wakashangilia. Nami naelewa kwa nini walishangilia.

Walishangilia kwa sababu wamechoka kudanganywa. Mwaka 2016, Marekani ilipokuwa ikielekea kwenye uchaguzi, vijana wa mji mdogo wa Veles, huko Makedonia, walifungua zaidi ya tovuti mia moja za siasa za Marekani. Wengi wao hawakujali nani angeshinda. Habari ya uongo ilisambaa haraka kuliko ya kweli, matangazo yakalipa, na wao wakachukua fedha. Mmarekani wa kijijini aliyesoma habari ile alidhani anaongea na jirani yake, kumbe aliyemwandikia ni kijana wa shule aliye upande wa pili wa bahari.

Je, mtu anayekuchochea uchome nyumba ya jirani yako, hali moshi hautamfikia yeye, huna haki ya kumjua? Unayo. Hiyo ndiyo hoja ya wenzetu, na mimi siidharau hata kidogo. Sisi wa Kenya tuliopita katika ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 tunajua neno linaweza kufanya nini. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Hatuna anasa ya kusema kwamba maneno ni maneno tu.

Basi hoja nimeikubali, nami bado nasema hapana. Kwa nini?

Kwanza, kwa sababu kibandiko hicho cha nchi kinasema uongo. Rudini kwenye wiki ile ile ya Novemba. Siku chache tu baada ya kuweka ukurasa ule, X wenyewe waliondoa sehemu iliyoonyesha akaunti ilifunguliwa nchi gani, kwa sababu kwa akaunti za zamani taarifa zilikuwa na makosa. Halafu wakaweka alama ya tahadhari kwa anayedhaniwa kutumia VPN. Na hapo ndipo jambo hili linapogonga mlango wetu.

Tanzania ilifunga X mwezi Mei 2025. Tangu hapo, Mtanzania aliye Dodoma au Mwanza akitaka kusoma au kuandika huko hana njia ila VPN. Na VPN kazi yake ni nini? Ni kumfanya aonekane yuko kwingine, Uholanzi au Ujerumani. Kumbukeni pia kwamba tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, ilitangaza kwamba anayetumia VPN lazima atoe taarifa kwao. Sasa mtazameni mtu huyo alivyobanwa. Mlango wa mbele umefungwa. Mlango wa nyuma ukiupita bila kusema, ni kosa. Na ukifanikiwa kupita, kibandiko kinakutangaza kuwa wewe ni mtu wa Ulaya.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na intaneti ikazimwa nchi nzima mpaka Novemba 3. Iliporudi, watu walikuwa na mambo ya kusema kuhusu walichokiona mitaani kwao. Hebu niambieni: mtu huyo akiandika, na akaunti yake inasomeka Ujerumani, jibu la kumnyamazisha si liko tayari? "Huyu si mwenzetu. Huyu ni wa nje." Hahitajiki mtu kujibu hoja yake. Hahitajiki mtu kuuliza kama alichosema kimetokea au hakikutokea. Kibandiko kimemaliza kazi.

Hata pasipokuwa na VPN, mambo hayakai sawa. Nyinyi mnaotoka Vanga, Taveta na Namanga mnajua. Umesimama Kenya na simu inashika mnara wa Tanzania; umesimama Tanzania na simu inakukaribisha Kenya. Goma na Gisenyi ni vivyo hivyo. Kuna anayetumia simu aliyoletewa na mjomba kutoka Dubai, na akaunti ya duka la programu ikabaki ya Dubai mpaka leo. Mashine haijui kwenu. Mashine inajua mnara, inajua duka, inajua namba za mtandao. Tusiipe heshima ya kujua kwenu.

Jambo la pili linaniuma zaidi, na nitakaa nalo kidogo. Wanaosema kila mtu ataje nchi yake wanadhani kila mtu anayo nchi moja, anaijua, na nchi hiyo nayo inamjua yeye.

Ndugu zangu, tuko Pwani. Nani humu ndani hajui habari ya Wamakonde wa Kwale? Wazee wao walitoka Msumbiji, wengi kuanzia miaka ya 1930, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakaoa, wakaolewa, wakazaa, wakazika wazee wao katika ardhi hii. Watoto wakazaa watoto, na wajukuu wakafika umri wa kuchukua kitambulisho. Wakaambiwa nyinyi si Wakenya. Msumbiji nako hawajulikani, wala hawana mtu wa kumwendea. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais. Kwa miguu! Mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Na Wapemba? Wavuvi waliokuja na majahazi kabla hata mpaka wa baharini haujawa na maana yoyote kwa mtu wa kawaida, na wengine waliokimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Waliishi Kwale na Kilifi, wakivua samaki waliokula watu wa Mombasa hii hii. Walitambuliwa lini? Mwaka 2023. Kabla ya hapo, asiye na kitambulisho hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, hakuweza kufungua M-Pesa, na leseni ya uvuvi ilikuwa ndoto. Aliomba mtu mwingine amsajilie laini, na maisha yake yote ya simu yakawa kwa jina la mwingine.

Sasa niambieni. Mwaka 2015, kijana wa Kipemba wa Vanga anataka kuingia mahali watu wanapojadili bei ya samaki na leseni za mashua. Anakuta orodha ya nchi: chagua moja. Achague ipi? Akisema Kenya, serikali ya Kenya inasema anadanganya. Akisema Tanzania, Tanzania haina karatasi yake. Akiiacha wazi, anafungiwa nje. Lile ndilo jambo alilonyimwa ofisini, na sasa tumemfuata nalo mpaka kwenye simu. Na huyo ndiye aliyekuwa na jambo la kusema kuliko wote, kwa sababu bei ya samaki ndiyo chakula chake.

Si Kenya peke yake. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliishi humo zaidi ya miaka 40. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 162,000 kwa mpigo, tendo kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya, na naomba tuwapigie makofi ndugu zetu Watanzania kwa hilo.

(Makofi.)

Asanteni. Lakini yule aliyezaliwa Katumba mwaka 1980, ukimuuliza mwaka 2010 nchi yako ni ipi, angejibu nini? Na rafiki yangu mmoja aliyeko Maskati, ambaye bibi yake alizikwa Unguja, baba yake alirudi Oman baada ya 1970 Sultani Qaboos alipowaita, na ambaye mpaka leo ndoto zake anaziota kwa Kiswahili, yeye aandike nini? Aandike Oman, na mtu wa Tanga amwambie Kiswahili hakikuhusu? Watu wa lugha yetu wametawanyika kuanzia Lubumbashi hadi Maskati, na wengine wako Minnesota. Ukianza kuwagawa kwa bendera kabla hawajafungua mdomo, hutabaki na mazungumzo. Utabaki na viti vya wageni na viti vya wenyeji.

Tatu. Historia yetu inatuambia nini kuhusu utambulisho wa lazima? Nitasema kwa ufupi, kwa sababu wazee waliomo humu waliyasikia kwa baba zao. Waingereza walitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika hapa Kenya mwaka 1915, na vita vilipokwisha wakaanza kuitekeleza: kipande. Karatasi yenye alama za vidole, kabila lako, mwajiri wako na mshahara wako, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwanamume Mwafrika pekee ndiye aliyelazimika kukivaa. Mzungu hakuulizwa. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga mambo kama hayo, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi. Kipande chenyewe kiliendelea mpaka miaka ya 1940.

Na kule Rwanda, Wabelgiji miaka ya 1930 waliandika kwenye kitambulisho cha kila mtu: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mstari mmoja tu kwenye karatasi. Ulikaa pale miaka sitini. Mwaka 1994 ulisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na kilichofuata mnakijua. Rwanda ya leo imeufuta mstari ule.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba orodha ya nchi kwenye simu ni sawa na kizuizi cha 1994, na atakayeondoka humu akisema nimesema hivyo atakuwa hakunitendea haki. Ninachosema ni hiki: anayeuandika mstari si lazima awe ndiye atakayeusoma. Anayeuandika leo ana nia yake, labda njema kabisa. Atakayeusoma kesho humjui. Goma na Bukavu, huko Congo, ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025. Kuna mtu wa huko ambaye miaka mitano iliyopita aliandika wazi kwamba kwao ni Rwanda, au kwamba kwao ni Congo, na hakuona tatizo. Leo neno lile lile lina uzito mwingine. Je, tulikuwa na haki ya kumlazimisha aliandike?

Na orodha zikishakusanywa, jamani, hazikai zilipowekwa. Korea ya Kusini walijaribu jambo hili kwa ukubwa ambao sisi hatujawahi kuufikiria. Kuanzia 2007 sheria iliwataka watumiaji wa tovuti kubwa wathibitishe majina yao halisi kabla ya kuandika maoni. Nia ilikuwa kupunguza matusi na uchochezi. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni moja kubwa ya mtandao ya huko na kuondoka na taarifa za watu wapatao milioni 35. Nchi nzima ina watu kama milioni 50! Mwaka uliofuata, Agosti 2012, Mahakama ya Katiba ya Korea ikaifuta sheria ile kwa kauli moja. Majaji walisema haikuonekana kupunguza maovu kwa kiasi cha kuhalalisha hasara yake, na watu walikuwa wamehamia kwenye tovuti za nje.

China nao, Aprili 2022, mtandao wa Weibo ulianza kuonyesha kila mtu yuko wapi: walio ndani kwa jimbo, walio nje kwa nchi. Mchina anayesoma ng'ambo akiandika lolote la kukosoa, anaambiwa ametumwa na wageni. Na wale wanaotaka kudanganya je? Iliibuka biashara ya kuuziwa mahali. Unalipa, na akaunti yako inasomeka popote unapotaka. Mkweli akafungwa mdomo, mwongo akapata duka.

Nami siwezi kusimama hapa bila kumtaja Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la majadiliano la mtandaoni la Tanzania. Desemba 2016 alikamatwa. Polisi walitaka taarifa za watu walioandika kuhusu madai ya ufisadi, naye akakataa kuzitoa. Alizungushwa mahakamani kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo na kumtoza faini. Hakuwataja watu wale. Sasa nawauliza wasimamizi wa makundi na kurasa mlioko humu, mnaopenda kila mwanachama ajaze fomu yenye nchi, mji na namba ya simu: siku ukibishiwa hodi, wewe una kifua cha Melo? Kama hujui jibu, usikusanye usichoweza kukilinda. Taarifa ambayo hukuiuliza hakuna wa kukulazimisha uitoe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini.

Tufanye mashine zimekuwa kamilifu. Tufanye kibandiko hakikosei, kila mtu ana nchi moja tu, na hakuna orodha inayovuja. Je, tutakuwa tumemkamata mwongo?

Machi 2020, Facebook na Twitter walifuta mtandao wa akaunti zilizokuwa zikizungumza na Wamarekani weusi kuhusu ubaguzi wa rangi. Nyingi zilikuwa zikiendeshwa kutoka Ghana, na Waghana wenyewe, katika nyumba moja karibu na Accra. Wengine kati yao waliamini wanafanya kazi ya shirika la kutetea haki za binadamu. Waliokuwa nyuma yao walikuwa watu wa Urusi. Zingatieni hapo. Kibandiko kingesema Ghana, na kibandiko kingekuwa kimesema kweli! Vidole vilikuwa vya Ghana, simu za Ghana, umeme wa Ghana. Fedha ndiyo iliyotoka kwingine. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2019, Facebook ilikuwa imefuta mitandao mingine iliyohusishwa na tajiri wa Kirusi, Yevgeny Prigozhin, iliyolenga nchi nane za Afrika, zikiwemo Congo, Msumbiji na Madagaska. Nako walitumia wenyeji. Mwenye fedha hana haja ya kuificha nchi yake. Anakodi yako.

Na tusiwaonee Warusi, kwa sababu sisi wenyewe tunayafanya. Mwaka 2021, wakati wa mvutano wa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba hapa Kenya, taasisi ya Mozilla ilichapisha utafiti kuhusu vijana waliokuwa wakilipwa kusukuma alama reli za kuwachafua majaji na wanaharakati. Malipo? Dola 10 hadi 15. Akaunti zilizoshiriki zilikuwa takriban 3,700. Wakenya, walioko Kenya, kwa laini za Kenya, wakidanganya Wakenya. Bandika nchi kwenye kila moja ya akaunti hizo. Zote zitasomeka Kenya. Zote zitaonekana halali. Na wewe utaamini zaidi, kwa sababu umeambiwa huyu ni mwenzako.

Mnaiona hatari hiyo? Kibandiko cha nchi kinashindwa kumkamata mwongo, kisha kinamvika mwongo wa nyumbani kanzu ya uaminifu. Kinatufundisha kuuliza "ni wa wapi?" tukidhani tumeshauliza "ni kweli?" Kinatufanya tumpe wa kwetu msamaha ambao tunamnyima mgeni mwenye ukweli.

Tufanye nini, basi? Maana najua mtauliza, na mna haki ya kuuliza.

Naona wajibu wa kujieleza uende pamoja na dai unalolitoa. Ukitoa hoja tu, ukasema kodi hii ni mbaya kwa sababu hii na hii, hoja yako isimame au ianguke yenyewe. Sihitaji kujua umekaa Lamu au London. Lakini ukisema "mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu," hapo umejiita shahidi, na shahidi huulizwa. Ulikuwa wapi? Saa ngapi? Palikuwa na duka gani kando ya barabara? Maswali haya yanampima mtu vizuri kuliko bendera. Mwandishi mzuri wa habari humlinda shahidi wake asijulikane na umma, na bado amemhoji mpaka ameridhika. Hiyo ni kazi yetu tuliomo humu. Tusiiachie mashine.

Ukiomba fedha, sema wewe ni nani. Ukiomba kura, sema wewe ni nani. Ukilipwa kuandika, sema nani amekulipa. Hapo sina huruma, na hapo natamani sheria iwe kali kuliko ilivyo. Mwenye nguvu na aanikwe. Asiye na nguvu na aachwe ajifunike.

Nao wale wanaosema mgeni asituingilie mambo yetu? Nawaheshimu, ila naomba wakumbuke. Watanzania walipowapa hifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na Zimbabwe pale Dar es Salaam, redio iliyorusha sauti zao ilikuwa inaingilia mambo ya nani? Tulijivunia. Bado tunajivunia. Hatuwezi kuitukuza sauti iliyotoka nje ya mpaka ikiwa ya kwetu, kisha tuifanye sumu ikitujia sisi. Ijibiwe. Kama ni uongo, uonyeshwe uongo wake.

Wala sitaki tuwe watu wasio na kwao. Mtu wa Pwani akikutana na mtu humuuliza kwenu wapi kabla hata chai haijamiminwa, na swali hilo limejaa upendo. Muyaka bin Haji alipokuwa akijibizana na washairi wa Lamu, hakuficha hata siku moja kuwa yeye ni wa Mvita. Ndiyo ilikuwa fahari yake na nusu ya utamu wa mashairi yale. Na mnazikumbuka kadi za salamu kwenye redio? Msikilizaji anajipa jina la majazi, jina analolitaka mwenyewe, kisha anasema kwa furaha yuko Kitale au Tabora, na anamsalimia mtu ambaye hajawahi kumwona. Hakuna aliyemlazimisha. Aliyetaka kujificha alijificha, na salamu zake zilisomwa vile vile. Mimi nautaka mtandao wa namna hiyo. Nataka mtu aseme kwetu ni Kigoma kwa sababu anaipenda Kigoma, na asiyetaka kusema asitazamwe kama mwizi.

Wenzetu, Kenya inapiga kura Agosti 2027. Fedha za kuwalipa vijana waandike zitatoka, na nyingine tayari zinatoka. Ninaomba mambo mawili yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu. Kampuni za mitandao zionyeshe, kwa Kiswahili, nani amelipia kila tangazo la siasa na kiasi gani, na zifanye hivyo kwa nchi zetu kama zinavyofanya kwa Marekani. Na sisi tunaosimamia kurasa na makundi tuiondoe nchi kwenye fomu zetu za kujiunga, au tuiache iwe ya hiari, kuanzia wiki ijayo. Nimeongea na wasimamizi watatu waliomo humu na wamekubali. Watakaosimama kuniunga mkono au kunipinga wote nawakaribisha, na naona mzee wetu wa Vanga amenyoosha mkono tangu nilipowataja Wapemba. Tafadhali mpeni kipaza sauti.